Dirii isiyomwangusha mwanasesere: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaowavisha wanasesere mavazi ya kivita: dirii, chapeo, ngao, mapanga. Naanza na lile linalobeba mengine mgongoni.

Fundi, nimemtengenezea Barbie wa mwanangu dirii na upanga kwa bati la kopo la maziwa ya unga. Vimependeza, ila hasimami, na mkono wenye upanga unashuka wenyewe. Nitumie kitu gani chepesi? (Mama, Morogoro)

Dada, kabla hujatupa kitu tupige hesabu. Barbie ana urefu wa sentimita 29 hivi, yaani kama sehemu moja ya sita ya mtu mzima. Kitu ukikipunguza mara sita kwa urefu, mara sita kwa upana na mara sita kwa unene, uzito wake unapungua mara 216. Upanga wa mkono mmoja wa askari wa Ulaya ya zamani ulikuwa na kilo moja na kidogo, tuseme 1.3. Wa Barbie basi uwe gramu 6, sawa na kijiko kimoja na nusu cha chai cha sukari. Hebu uweke huo wako kwenye mizani ya jikoni. Nahisi umeuzidisha mara kadhaa, na kosa liko kwenye unene.

Maana bamba la kifuani la milimita 1.5, ukiligawa kwa sita, linabaki robo ya milimita. Huo ni unene wa karatasi ya manila! Kwa hiyo dirii ya manila iliyonyweshwa gundi nyeupe ya mbao itakuwa nyepesi na pia itaonekana ya kweli zaidi, kwa sababu kingo zake ni nyembamba kama inavyotakiwa. Kinachoumbua kazi nyingi za wanasesere ni kingo nene. Jicho linaziona hata kama rangi ni nzuri.

Kwa upanga, chukua kopo la soda la alumini. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, na ukuta wa kopo una kama milimita 0.1 tu. Kata kipande, kikunje mara mbili juu ya kijiti cha meno ili mkunjo uwe ndio makali, halafu gandisha. Vaa glavu, zile kingo mbichi zinachana vidole, na usimpe mtoto kabla hujazikunja zote. Kama kuna uzito usioepukika, uweke kwenye mpini. Gramu mbili zilizo kwenye ncha zinavuta mkono kuliko gramu nne zilizo kiganjani.

Mimi hutumia patapata zilizochakaa. Wenzangu wanasema ninunue karatasi za EVA za dukani. Kuna tofauti gani? (Kijana, Mombasa)

EVA ni plastiki laini yenye vitundu vya hewa kama sponji, na patapata nyingi zilizo nyepesi ni EVA hiyohiyo. Hapo kwenu Kenya, Ocean Sole wanachonga twiga na tembo kutokana na ndala zilizookotwa ufukweni, kwa hiyo usione haya. Wao, lakini, wanachonga vitu vikubwa. Soli ya sentimita moja na nusu, kwa Barbie, ni sawa na ukuta wa sentimita 9 kwa mtu. Kuipasua nyembamba kwa kisu kunatoa kipande chenye mawimbi. Iachie patapata kazi za vitu vyenye mwili, kama kichwa cha rungu au nyundo, na kwa dirii nunua zile karatasi za rangirangi za milimita 2 wanazotumia watoto wa chekechea.

Pia si kila ndala ni EVA, nyingine ni mpira. Pasha moto kipande kwa mashine ya kukaushia nywele, kikunje, kishikilie mpaka kipoe. EVA inabaki na mkunjo, mpira unarudi ulivyokuwa.

Tabia hiyo ndiyo utajiri wake. Weka karatasi ya kuokea juu ya EVA, ipitishie pasi ya joto la wastani kwa sekunde chache. Utaiona inalegea kama imechoka, na uso wake unaanza kung'aa kidogo. Hapo usingoje: ilaze juu ya kitu chenye mviringo wa kifua, chupa ndogo ya dawa au balbu iliyoungua, ukandamize kwa vidole gumba hadi ipoe. Halafu ipake gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili au tatu, ili vitundu vizibe. Tanguliza rangi nyeusi ya maji. Ikikauka, chovya kipande cha sponji kwenye rangi ya fedha, kifute karibu kikauke, ndipo ukipitishe juu juu. Fedha itashika kwenye miinuko, mabonde yatabaki na giza, na EVA itageuka chuma mbele ya macho yako. Rangi ya mafuta iache, EVA ikikunjika rangi hiyo inapasuka.

Nilichonga chapeo kwa ile nyeupe inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Nilipopuliza rangi ya kopo, ikaliwa ikabaki matundu.

Hiyo ni polistirini, na rangi ya kupuliza ina kiyeyushi kinachoila. Gundi ya viatu nayo ni vilevile. Ukilazimika kuitumia, iwambe kwa gundi nyeupe kila mahali, kisha rangi ya maji kwa brashi. Kwa kichwa cha mwanasesere, hata hivyo, siipendekezi kabisa, punje zake ni kubwa kuliko pambo lolote utakalochonga. Funika kichwa chake kwa nailoni, bandika tishu kwa gundi tabaka baada ya tabaka, ukate nyuma utoe.

Je, dirii ya pete, ile iliyofumwa kwa pete ndogo za chuma, inawezekana?

Pete za kweli zilikuwa na upana wa kama sentimita moja. Za Barbie ziwe chini ya milimita 2, maelfu yake. Mimi sina subira hiyo. Tafuta soksi nyembamba ya kijivu, igeuze nje ndani, upitishe lile sponji lako la rangi ya fedha. Mafundi wa tamthilia wamefanya hivyo miaka mingi kwa uzi uliofumwa, na watazamaji wakaamini.

Nilimvua dirii baada ya miezi, kifua kimebaki chekundu na hakifutiki.

Pole. Rangi haikukaa juu, imezama ndani ya ile plastiki laini. Wakusanyaji wa wanasesere hupaka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10, wakamweka juani siku kadhaa. Inasaidia, lakini inaweza kung'arisha ngozi kupita kiasi, kwa hiyo jaribu kwanza chini ya unyayo. Baada ya hapo weka bitana ya pamba nyeupe ndani ya kila vazi, hasa jekundu, jeusi na la buluu, na usimhifadhi akiwa amevaa.

Naweza kupinda bomba la plastiki la maji kwenye jiko la mkaa?

Hapana. Likiungua linatoa moshi wenye asidi. Na kwa Barbie ni nene mno hata hivyo.

Nataka ngao ya Kimasai kwa mwanasesere wa sentimita 60, wale wanaoshikwa na lastiki ndani. Mkono haubebi kadibodi. (Dada, Arusha)

Huyo ni theluthi ya mtu, kwa hiyo ngao ya mita moja inakuwa sentimita 33, na boksi la kawaida litamlemea kweli. Ya asili ni ngozi ya nyati. Wewe gandisha manila mbili kwa gundi nyeupe, na zikiwa bado mbichi zilaze juu ya jagi zipate mbinuko, uzifunge kwa kitambaa hadi kesho. Mbinuko huo ndio unaozikaza, hazihitaji unene zaidi. Ukingo na uti wa nyuma vitengeneze kwa chelewa za fagio, uzishone kwa uzi wa katani. Chora kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Kisha usimshikishe kwa vidole peke yake, ongeza kitanzi cha pili karibu na kiwiko ili uzito usogee begani. Ukiona bado unavuta, toa manila moja ubakize ya mbele.