Hayo magamba ya kahawia kwenye mti wako

Wiki hii picha zimemiminika, hasa kutoka kwenu mlioko Uingereza na kaskazini mwa Marekani, na karibu zote zinaonyesha kitu kilekile kwenye gome.

Swali: Mti wangu wa tufaha umeota vitu vya kahawia kama majani makavu. Unaumwa?

Hauumwi, na tafadhali weka hicho kisu chini. Hiyo ni laikeni, yani kuvu na mwani mdogo usioonekana kwa macho wanaishi mwili mmoja, kuvu ndo nyumba, mwani ndo anapika chakula kwa mwanga wa jua. Mti hawaunyonyi hata tone, wameshika gome la nje kwa vinywele vya chini basi. Kama mti umepukutika majani halafu laikeni zimejaa, ni vile mwanga sasa unafika kwenye matawi, ugonjwa wenyewe kautafute kwingine, anza na mizizi.

Swali: Mbona mvua ikinyesha inageuka kijani?

Ile kahawia ni rangi iitwayo melanini, imekaa kwenye ngozi ya juu kumkinga mwani asiungue na jua kali, ndo maana iliyoota kivulini huwa ya kijani kijani hata ikiwa kavu. Ikilowa ngozi inapitisha mwanga na mwani anaonekana. Nyunyizia maji kidogo halafu itazame kwa lenzi, kingo zilizokuwa zinavunjika kama papadi zinalainika palepale, mi hii sijawahi kuichoka.

Swali: Inaitwaje?

Nyingi mlizotuma zinafanana sana na Melanelixia subaurifera ila picha peke yake haitoshi. Chukua kijiti kilichoanguka chenyewe, sugua laikeni kwa kucha uone kama panatokea madoa ya njano, halafu kwenye nyama nyeupe ya ndani weka tone la jiki. Ikiwa nyekundu uko karibu, maana ndugu zake wa Melanohalea hawabadiliki, na makundi haya mawili yalipewa majina yake mwaka 2004 tu.

Swali: Kwetu Pwani zina kazi?

Hii ya kahawia makazi yake ni nchi za baridi. Ila Roccella, laikeni nyingine ya kijivu inayoning'inia kama nyuzi, karne ya 19 ilisafirishwa kutoka pwani yetu kupitia Zanzibar kwenda Ulaya kutengeneza rangi ya zambarau.

Swali: Nikiibandua itaota tena?

Itachukua muda mrefu, zinakua milimita chache tu kwa mwaka.