Kulipia safari ijayo ukiwa bado melini: unaokoa hela au unapigwa?

Kuna dada yangu mmoja wa Singida ameniandikia wiki hii. Yeye na mzee wake wanasherehekea ndoa yao, watoto wamechanga, na karibuni wanapanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza. Hakuniuliza nguo za kubeba wala dawa ya kichefuchefu, mambo ambayo nimeyajibu mpaka nimechoka. Ameuliza hivi: "Dada, nasikia mkiwa humo ndani wanawauzia safari inayofuata kwa bei nafuu. Kweli, au ndiyo tunapigwa?"

Swali limenikuta pazuri. Nimetoka juzijuzi kwenye safari ambayo kianzio chake nilikilipa nikiwa ndani ya meli nyingine. Nimerudi Dodoma salama, hesabu zote ziko kwenye daftari la dukani, na zimelalia upande wangu. Kwa hiyo leo mnivumilie nijisifu kidogo, maana nilipoanza haya mambo nilisemwa sana.

Kwa wageni: nauza vifaa vya ujenzi Nkuhungu. Nondo, bati, saruji, misumari. Serikali ilipohamia huku, watu wakaanza kujenga kila kona, Ilazo mpaka Mtumba, nami nikapata riziki yangu. Nikasema sehemu ya riziki hiyo itanionyesha dunia. Najua ninyi mnaosoma hapa mna ndoto hiyohiyo, la sivyo mngekuwa mnasoma mambo ya mpira. Shemeji yangu mmoja aliposikia, alitamka mbele ya wakwe: "Huyu anakwenda kumwaga hela baharini, wenzake wananunua viwanja." Sijalisahau hilo neno mpaka leo. Viwanja ninavyo, shemeji, na hati zake ninazo.

Safari ya kwanza ilianzia Cape Town, mwanzoni mwa 2024, kwa meli ya kampuni ya Kimarekani iliyopanda pwani hadi Walvis Bay, Namibia, na kurudi. Tuliichagua hiyo kwa sababu pasi ya Tanzania inaingia Afrika Kusini na Namibia kwa matembezi bila viza. Ya vyakula na mawimbi nimeshayaandika, siyarudii. Ninachotaka mkione ni dawati la kuuzia safari ijayo.

Lilikuwa kati ya duka la saa na ukuta wanakotundika picha walizowapiga abiria. Siku za mwanzo halikuwa na mtu, kijana wa Kifilipino amekaa na kompyuta yake ndogo anawachekea wapita njia. Halafu ikafika ile siku ya mwisho ya kukaa baharini bila kutia nanga popote. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwenye karatasi ya ratiba wanayoiacha kitandani, wakaandika kwa herufi nene kwamba ofa inaisha leo. Asubuhi foleni ikapinda mpaka kwenye ngazi. Watu wamekunywa chai, wamepumzika, hawajaona bili ya mwisho, na kichwani wanawaza kurudi kazini. Mfanyabiashara nikaitazama ile foleni nikasema hapa kuna mtu anaijua kazi yake. Mimi mwenyewe nikitaka kumuuzia mteja bati za bei ya juu, huwa nasubiri siku fundi amemaliza kenchi na wingu limetanda.

Wanachouza pale kwa kawaida ni vitu vitatu, na kila kampuni inavichanganya kwa namna yake. Kuna kianzio kilichopunguzwa: badala ya kulipa mamia ya dola ili kushika chumba, unalipa kidogo. Kuna salio la kutumia melini, yaani unaandikiwa dola kadhaa kwenye akaunti yako ya chumba cha safari ijayo. Na kuna punguzo lenyewe la nauli, ambalo ni adimu kuliko watu wanavyodhani. Kati ya kampuni za meli, Disney wanajulikana kwa kutoa asilimia 10 kwa anayelipia safari ijayo akiwa ndani, ingawa baadhi ya tarehe hawazihusishi. Princess kwa miaka mingi walikuwa wakichukua kianzio cha dola 100 kwa mtu bila hata kukulazimisha uchague safari. Royal Caribbean wao wameliita dawati lao NextCruise, na zawadi yao inategemea siku za safari na aina ya chumba. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "melini ni nafuu" au "melini ni wizi" bila kukutajia kampuni, huyo anabahatisha.

Baba watoto alishaanza kutoa kadi. Alitaka tuchukue safari mbili kwa mpigo, moja ya Mediterania, nyingine ya Alaska, kisa zawadi. Nikamwambia akae. Alaska viza ya Marekani tunaitoa wapi? Tukabaki na ya Mediterania: Barcelona, Marseille, Genova, Napoli, majira ya kuchipua ya 2025. Bei ya watu wawili dola 2,100, kianzio dola 200 wakati ukilipia nyumbani ni 500, na salio la dola 100 la kutumia humo ndani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kabla ya kutoa kadi nilimuuliza yule kijana swali moja nikalirudia mara ya pili kwa maneno mengine: nikighairi kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, kianzio kinarudi chote? Akanionyesha kwenye skrini kwamba kulikuwa na nauli mbili za chumba kilekile. Moja ilikuwa chini kidogo ila kianzio hakirudi. Ya pili ilikuwa juu kidogo na kianzio kinarudi. Yeye alikuwa ananisukumia ya kwanza, kwa lugha tamu kabisa. Nikachukua ya pili. Nikamwomba anichapie karatasi yenye tarehe ya malipo ya mwisho, nikaikunja nikaiweka kwenye pochi pamoja na pasi.

Ile zawadi ya dola 100 yenyewe si kitu cha kumtoa mtu jasho. Kwenye meli nyingi za Kimarekani wanakukata tipu ya wahudumu ya lazima au nusu lazima, kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku. Kwa watu wawili, dola 100 inakwisha siku ya tatu. Na salio la zawadi mara nyingi halirudi likiwa fedha taslimu, usipolitumia linabaki kwao. Sisi letu liliishia kwenye tipu, sikuliona wala kulishika.

Faida ilitoka kwingine. Kile kianzio cha dola 200 kilininunulia muda, zaidi ya mwaka mzima, na ndani ya muda huo mambo matatu yakatokea.

La kwanza, bei ilishuka. Kampuni za meli zikiona vyumba vimebaki zinatangaza bei ya chini, na nauli yetu ikapungua kwa dola 240. Kwa aliyekwisha kulipa kianzio, kampuni nyingi zinakubali kurekebisha bei ili mradi hujafikia tarehe ya malipo ya mwisho, lakini hawakupigii simu. Ni wewe uone, ni wewe uombe. Nilikuwa nimemkabidhi wakala mmoja wa Dar ile karatasi yangu anisimamie, kwa sababu kilicholipiwa melini kinaweza kuhamishiwa kwa wakala ukiwahi muda waliokupa. Nikampigia. Akanijibu, "Mama, bei ukishakubali ndiyo hiyo." Nikamsisitiza, akataka gharama ya usumbufu. Usumbufu! Mtu anakula kamisheni kutoka kwenye safari yangu. Nikaiandikia kampuni ya meli barua pepe mwenyewe, usiku, baada ya kufunga duka, kwa Kiingereza changu cha Kongwa Sekondari, nikaambatisha picha ya bei mpya. Wakajibu kwa adabu, bei ikashuka, na lile salio la dola 100 halikuguswa. Hilo ndilo la kuuliza mapema: mkishusha bei, zawadi ya melini inabaki? Kwa baadhi yao haibaki.

La pili ni dola. Mnaoagiza mizigo mnaukumbuka mwaka 2024. Dola ilikuwa adimu, unaenda benki unaambiwa usubiri, na bei yake ikapanda mpaka ikavuka shilingi 2,700. Ningekuwa nalipa safari nzima kipindi kile ningelia. Lakini nilikuwa nimeshika chumba kwa dola 200 tu, deni lingine linasubiri. Mwishoni mwa mwaka dola ikashuka hadi karibu 2,400, nikanunua na kuweka kwenye akaunti. Deni lilikuwa limebaki dola 1,660. Zidisheni wenyewe kwa tofauti ya shilingi 300: ni karibu laki tano, mara mbili ya ile zawadi iliyowapanga watu foleni mpaka kwenye ngazi. Baadaye ikapanda tena. Sikuwa na utabiri wowote, nilikuwa na nafasi ya kusubiri, na ukiwa umelipa yote mapema nafasi hiyo huna.

La tatu ni viza, na hili Wamarekani na Waingereza wanaoandika ushauri wa meli hawaligusi kwa sababu haliwahusu. Sisi linatuhusu kuliko punguzo lolote. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, huwezi kuiomba zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Malipo ya mwisho ya meli mara nyingi yanadaiwa siku 90 kabla, wengine 120. Yaani una dirisha la miezi miwili au mitatu kati ya siku unayoruhusiwa kuomba viza na siku ambayo hela yako inaanza kufungwa. Dirisha lilipofunguka tu nilikuwa kwenye treni ya SGR asubuhi kwenda Dar kupeleka alama za vidole, jioni nikarudi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na lazima uwe na bima ya matibabu ya walau euro 30,000. Meli ikitoka nje ya nchi za Schengen, tuseme inapita Tunis au Istanbul kisha inarudi Italia, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hata kupanda hawatakuruhusu. Viza zetu zilitoka kabla ya tarehe ya malipo. Zisingetoka, ningeghairi na kianzio changu kingerudi. Ninamfahamu mtu hapahapa Area D aliyechukua nauli ya kianzio kisichorudi kwa sababu ilikuwa rahisi, ubalozi ukamnyima viza, na hela ikaenda. Hataki hata tumtaje.

Hapo ndipo ninapowaambia, jamani, tusikimbilie vitu kwa sababu vimeandikwa ofa. Tumezidi. Mtu anakopa kwenye kikoba akalipe kianzio cha safari ya mwakani, riba inatembea kila mwezi, huku anasema ameokoa dola 50. Umeokoa wapi? Na wanaume, samahani, ninyi ndio wa kwanza kutoa kadi mbele ya kijana anayetabasamu ili mkeo akuone bwana mkubwa. Mke wako anataka kwenda, hataki deni. Kama huna uhakika kwamba mwakani utapata likizo, kwamba mtoto haingii chuo mwaka huo, kwamba duka litaachwa kwa mtu unayemwamini, pita pale dawatini, chukua kalamu ya bure na uende zako. Ofa za meli hazijawahi kwisha duniani.

Ila kama unajua utasafiri tena, nami namjua dada wa Singida, akishaonja atataka tena, basi lipieni melini, mradi kianzio kinarudi. Nendeni dawatini siku ya pili au ya tatu, msisubiri ile foleni ya mwisho. Kijana anakuwa na muda, na ninyi mnapata usiku mmoja wa kulinganisha bei yake na bei ya mtandaoni, kama intaneti ya meli haijawamaliza. Ulizeni kama mnaweza kubadilisha tarehe bila faini. Ulizeni malipo ya mwisho ni lini, halafu mhesabu kurudi nyuma kwa ajili ya viza. Wakala, kama mnaye mwaminifu, mkabidhini mapema mkifika nyumbani. Wengine wanawaongezea na zawadi yao juu ya ile ya meli, mimi wangu ndiyo hivyo mmemsikia.

Na mkishapata karatasi yenu, nitumieni picha niwasomee yale maandishi madogo ya chini. Msitume Jumatatu asubuhi tu, ndiyo siku ninayopokea mzigo wa saruji.