Tangi la dizeli linavuja: tulizibe au tulibadilishe?

SWALI: Kiwanda chetu cha mikate kiko Tanga, karibu na bahari. Matanuri na jenereta hutumia dizeli kutoka tangi la chuma la lita 10,000 lililofukiwa ardhini miaka mingi iliyopita. Tangu masika tunapoteza takriban lita 15 kwa siku, hata mashine zikiwa zimezimwa, na majirani wanasema maji ya kisima chao yananuka mafuta. Fundi anashauri tulifukue tangi na kulichomelea kiraka. Je, inatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, kisima umekitaja mwishoni, lakini mimi naanza nacho. Waambieni majirani leo hii wasiyanywe maji hayo, wapelekeeni mengine, hamisheni dizeli iliyobaki, kisha mtoe taarifa NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, kwa maana lita 15 kwa siku ni lita 450 kila mwezi zinazoingia katika ardhi inayowanywesha watu.

Kiraka hakitoshi. Maji yatokanayo na unyevu wa hewa, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hutuama kwenye sakafu ya tangi na kuila kwa kutu, hivyo tundu moja likionekana, chuma kilicholizunguka nacho huwa kimekwisha kuwa chembamba. Tena tangi lililotolewa mafuta yote si salama hata kidogo: mabaki yaliyoganda kwenye kuta zake yakipashwa joto hutoa mvuke unaoweza kulipuka usoni pa mchomeleaji. Nakusihi, asiwashe mashine yake.

Ukitaka kujua kama kinachovuja ni tangi au ni bomba, kabla ya kuhamisha mafuta funga vali ya tangi jioni, upime kina kwa kijiti na kupima tena asubuhi. Kina kikishuka, tangi linavuja; kisiposhuka, kasoro iko kwenye bomba. Hata hivyo, kwa vifaa vilivyozeeka pamoja kwenye udongo wa pwani, mimi ningebadilisha vyote viwili.

Tangi jipya liwekwe juu ya ardhi, ndani ya beseni la zege lisilo na tundu, linaloweza kubeba asilimia 110 ya ujazo wake, yaani lita 11,000, na maji ya mvua yatolewe humo kwa pampu. Bomba liwe la chuma cheusi, si la mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu zinki humenyuka na dizeli na kuziba machujio. Lipite mahali linapoonekana, lipakwe rangi ya kuzuia kutu ya chumvi, na lijaribiwe kwa shinikizo kabla ya kutiwa mafuta. Karibu na matanuri iwekwe vali inayojifunga yenyewe moto unapotokea. Masharti ya kuhifadhi mafuta mtayapata EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji.

Tangi la zamani lisafishwe na wenye utaalamu, likatwe vipande na kupelekwa chuma chakavu. Lisiuzwe wala kutolewa bure kwa mtu anayetaka kuhifadhia maji.