Sayansi ya utambuzi si saikolojia iliyobadilishwa jina
Mdogo wangu, unayetafuta kozi ya chuo, usidhani sayansi ya utambuzi, yaani elimu ya jinsi akili inavyofanya kazi, ni saikolojia tu. Saikolojia imo, lakini imekaa meza moja na isimu (elimu ya lugha), falsafa, kompyuta na elimu ya ubongo. Idara ya kwanza ya fani hii ilianzishwa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 1986.

Mtazame konda wa daladala ya Pongwe: anaita abiria, anajua nani hajalipa, nani anadai chenji ya mia mbili, na mlango kaushika kwa mkono mmoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Mmarekani George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba hivi. Konda wetu anazidije? Ndiyo maswali ya kozi hii, kisha unaandika programu ya kumwiga.

Takwimu usizikimbie. Ukiikosa kozi yenyewe, soma isimu, ongeza kompyuta pembeni.