Kwenda Vatikani na mama: wahini asubuhi
Dada, umeuliza uende saa ngapi na mama Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro ili msisimame juani nusu siku. Damkeni. Milango hufunguliwa saa 1 asubuhi. Mkifika muda huo foleni ya ukaguzi huwa fupi, na mle ndani kuna utulivu wa kusali. Kuingia ni bure, kwa hiyo asikudanganye mtu barabarani kwamba lazima ununue tiketi kwake. Epukeni Jumatano asubuhi, siku ya katekesi (mafundisho ya imani) ya Papa, isipokuwa kama ndiyo mnayoifuata. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga za mama zinatosha kabisa.

Kuhusu kupanda kwenye kuba, lile paa la mviringo la kanisa: ngazi ni 551. Lifti ipo, lakini hata ukiitumia zinabaki 320, tena nyembamba na za kuzunguka. Umesema magoti ya mama yanamsumbua, basi yeye abaki chini. Mkishaingia tu, mkono wa kulia, nyuma ya kioo, ipo Pietà, sanamu ya Michelangelo: Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyekufa. Mimi nilisimama pale nikalia. Usimharakishe mama hapo.