Ile picha ya Lusail

Mdogo wangu, voisi yako nimeiskiza mara tatu. Ati ajenti wa Mombasa anachukua masoja, yaani walinzi, wa kwenda Saudia sababu ya World Cup ya 2034, anataka laki na nusu, baba ashakubali kuuza ng'ombe wawili, halafu unamalizia na "si hata wewe ulitutumia picha uko Lusail unacheka". Haya, ngoja nikwambie hiyo picha ya uwanja wa Lusail, hapa Qatar, World Cup ya 2022.

Nilipigwa picha kabla mageti kufunguliwa, na nilikuwa namcheka Mganda mmoja aliyevaa reflekta kinyumenyume. Baada ya hapo nilisimama nimeupa uwanja mgongo mpaka usiku, maana soja haangalii mpira, anaangalia watu. Fainali ya Argentina na Ufaransa, watu zaidi ya 88,000, magoli sita na penalti juu, na mimi sikuona hata moja, nilikuwa nahesabu kwa kelele. Kwa basi nilifungua kamba za viatu, kuvirudisha ikashindikana vile miguu ilivyofura, nikaingia kampi na soksi.

Siku nane kabla ya hapo kijana wa Kenya, miaka 24, soja kama mimi, alianguka kutoka juu hapo hapo Lusail akiwa kazini, akafa hospitalini baada ya siku tatu. Kwa rumu tulinong'ona tu, asubuhi basi likaja tukapanda. Picha niliwatumia, yeye sikumtaja. Mama angelala siku hiyo?

Na usiniambie mambo ya sheria, sheria ziko. Hapa Qatar bosi haruhusiwi kukaa na paspoti yako, tangu 2020 unaweza kuhama kazi bila ruhusa yake, na tangu 2021 mshahara haufai kushuka chini ya riyali 1,000. Tamu kusoma. Paspoti yangu ilikaa kwa droo ya ofisi miezi 14 na sikuiuliza, kwa sababu pesa ya ajenti nilikuwa nimekopa na miezi saba ya kwanza nilikuwa namlipa mwenye mkopo tu. Ukiwa na deni unaskia kizunguzungu unasema niko sawa. Unaambiwa uongeze masaa unasema sawa bosi.

Kwa hivyo usije.

Lakini mabati ya mama na karo ya dadako zimetoka hapa hapa, nikikukataza utaniona mchoyo na sitakulaumu. Ukija basi, usije na deni. Huyo ajenti tafuta jina lake kwa orodha ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali ya Kenya, ofisi yenye kapeti na picha za ndege isikuzuzue. Paspoti piga kopi umwachie mama. Ukipewa kontrakti nyingine pale airport uambiwe saini haraka, rudi nyumbani hata kama begi lishaingia. Najua hutarudi. Mimi sikurudi.

Halafu fikiria kidogo, World Cup hiyo Saudia wamepewa Desemba 2024, viwanja vingi vyenyewe bado ni michoro, sasa soja wa kulinda mashabiki wa 2034 anatafutwa leo alinde nini, mchanga?

Nitumie hiyo kontrakti kurasa zote, hata za Kiarabu, kuna Msudani hapa kwa rumu atanisomea. Ng'ombe wasitoke zizini kabla nijibu. Na mwambie mama pesa ya mwezi huu itafika tarehe 10, mshahara umechelewa tena.