Piki ya zamani kwenye mawe ya Goma: anza na freni

Jioni moja nilikuwa nateremka kutoka Kibumba kuelekea mjini, gunia la viazi limefungwa nyuma ya piki. Kabla ya kufika Munigi nikaikuta chukudu mbele yangu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imejaa kabichi. Kijana aliyeipanda alikuwa anabana mwendo kwa kisigino, akikanyaga kile kipande cha tairi kuukuu kinachosuguana na gurudumu la nyuma. Akapunguza. Mimi nilivuta freni ya mbele mpaka mkono wake ukagusa mpini, nikakanyaga ya nyuma kwa uzito wangu wote, na piki ikaendelea kuteremka kana kwamba sijafanya kitu. Nilishusha gia mpaka ya kwanza, injini ikapiga kelele, nikaenda kuiegemeza kwenye ukingo wa mawe. Soli ya kiatu changu cha kulia ilibaki barabarani. Yule kijana hakujua lolote, akashuka zake.

Kilichoniuma ni kwamba piki hiyo nilikuwa nimetoka kuitengeneza. Wiki mbili kabla niliifungua injini, nikabadilisha ringi za pistoni, nikaweka kabureta mpya. Ilikuwa inakimbia kuliko nilivyowahi kuiona ikikimbia mikononi mwa marehemu baba. Nilikuwa nimeipa mbio, freni sikuipa. Basi wewe mwenye piki ya baba au ya mjomba iliyosimama nyuma ya nyumba, na unataka kuifufua, nakuomba uanze na sehemu ambayo hakuna anayeipiga picha.

Yangu ni Honda CG125. Honda walianza kuitoa katikati ya miaka ya 1970 wakifikiria nchi kama zetu, ambako mafuta ya injini hubadilishwa mtu anapopata pesa, si siku iliyoandikwa kitabuni. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fimbo, hakuna sheni ndani ya injini ya kulegea, na sheni ya gurudumu la nyuma imefunikwa yote kwa bati isile vumbi. Wachina waliiiga injini hiyo mara nyingi, na kwetu hiyo ni baraka: ukiingia mtaa wa Birere hapa mjini na pistoni mkononi, kipenyo milimita 56.5, utampata mwenzake. Piki ambayo kila kipuri chake lazima kiagizwe Ulaya au Japani, mimi singeigusa hata nikipewa bure. Huo ndio uamuzi wa kwanza, kabla hujashika funguo yoyote.

Garaji yangu ni kibaraza cha nyuma chenye mabati, na chini ni mawe ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka 2002. Mtu wa Goma anayajua mawe hayo: nati ikianguka inaingia tunduni na hutaiona tena. Natandika shitingi, naizungushia mbao pembeni ili kisitoke kitu, na nina makopo ya maziwa, kila kopo na kazi yake: la freni, la kabureta, la umeme. Kabla sijafungua kitu napiga picha kwa simu. Zaidi ya hapo ni funguo nzuri chache. Funguo mbaya inayokula kichwa cha boliti itakugharimu kuliko seti nzima.

Sasa freni. Za CG yangu zilikuwa za ngoma, mbele na nyuma, yaani viatu viwili vya freni vinatanuka ndani ya gurudumu na kulibana. Watu wengi wakiona ngoma wanakimbilia disiki, nami nilikuwa mmoja wao. Fungua ngoma kwanza. Ndani nilikuta viatu vya freni vinang'aa kama kioo, vimeungua kwa joto la miteremko, na kimoja kimeloa grisi iliyotoka kwenye ekseli. Kilicholoa grisi hakisafishiki, kitupe. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo; lifute kwa kitambaa kibichi, kwa sababu viatu vya miaka ile vinaweza kuwa na asbesto.

Nikaweka viatu vipya, nikakaza kamba, na bado freni ilikuwa dhaifu. Siku hiyo alipita mzee mmoja, fundi wa Ndosho aliyemjua baba. Hakuinama hata kuangalia gurudumu. Alishika kile kimkono cha chuma kinachozungusha kamu ya freni, kile kipande kinachotanua viatu.

“Mwanangu, mkono huu umelala.”

“Lakini Papa, nimeukaza.”

“Umekaza kamba. Mimi nasema mkono.”

Akautoa, akauzungusha jino moja, akaurudisha. Akanionyesha: freni inapoanza kushika, mkono na kamba viwe vinakutana kwa pembe ya karibu digrii 90. Ukiwa umelala, nusu ya nguvu ya vidole vyako inaishia kuvuta chuma kuelekea kusikofaa. Nilivuta tena, na safari hii gurudumu lilisimama papo hapo. Dakika tano, bila kununua kitu. Ila usiutumie ujuzi huo kuficha viatu vilivyokwisha: kamu inazunguka kupita kipimo chake na inaweza kukwama freni ikiwa imeshika, barabarani.

Disiki niliiweka miezi sita baadaye, kutoka kwenye piki ya Kichina ya cc 125 iliyokuwa imevunjika fremu. Kama utafanya hivyo, usinunue disiki peke yake. Chukua mbele nzima: foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu), gurudumu, pampu ya mpini na shingo inayoingia kwenye fremu. Kabla ya kulipa, pima urefu wa shingo hiyo na ukubwa wa vikombe vyake, maana hapo ndipo wengi wanakwama na kuanza kuchomelea, na shingo ya kuchomelea mimi siipandi. Mpira wa mafuta ya freni nunua mpya hata kama wa zamani unaonekana mzima.

Freni ya disiki inasukumwa na mafuta, na kutoa hewa kwenye mabomba yake ni kazi ya watu wawili. Mtoto wa dada yangu alikaa kwenye mpini, mimi chini na mpira mweupe umezama kwenye chupa yenye mafuta ya freni kidogo. “Mjomba, nimevuta.” Nafungua skrubu robo mzunguko, mapovu yanatoka, nafunga. “Achia.” Tulirudia mara arobaini hivi kwa mwanga wa simu, mpaka mapovu yakaisha na mkono wa freni ukawa mgumu kama jiwe. Mafuta hayo, DOT 4, yanakula rangi, kwa hiyo funika tangi.

Baada ya freni, badiliko lililonipa faida kubwa kwa pesa ndogo ni pinyo, lile gurudumu dogo la meno kwenye injini. Lilikuwa na meno 15, nikaweka la 14. Mvuto unaongezeka kama asilimia 7 na kasi ya mwisho inapungua kiasi hicho hicho. Kwa mtu anayepanda Munigi na mzigo, hiyo ndiyo nguvu anayoitafuta. Nani ana barabara ya kukimbilia mjini hapa?

Shokapu za nyuma niliweka ndefu kwa sentimita 2 ili tumbo la injini lisigonge mawe. Usizidishe. Ukiinua nyuma, mlegeo wa sheni unabadilika. Ipime mtu akiwa amekaa juu, kwa sababu sheni inakaza kuliko wakati wote pale pinyo, bawaba ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja. Hapo bado ibaki na mchezo. Sheni iliyokazwa sana inakula beringi za injini kimyakimya.

Kabureta ndiyo iliyonifundisha kwamba Goma si Mombasa. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa kama mita 1,500, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 84 ya lile la pwani. Injini inavuta hewa nyepesi, lakini kabureta haijui, inamwaga esanse (petroli) ileile. Matokeo ni piki inayokohoa ukifungua gesi yote, inayonuka esanse, na bujii (plagi ya cheche) nyeusi yenye masizi makavu. Mafundi wengi wakiona hivyo wanabadilisha bujii. Bujii haina kosa. Fungua bakuli la kabureta, utaona jigleri, kale ka skrubu ka shaba ya njano kenye tundu katikati na namba ubavuni. Kabureta yangu mpya ilikuja na 105. Niliweka 100.

Namna ya kujua umepata ni hii. Panda mlima gesi ikiwa wazi kabisa kwa nusu kilomita, kisha zima injini na vuta klachi kwa wakati mmoja, simama pembeni, toa bujii hapohapo. Ukiiacha injini itembee polepole mpaka nyumbani, rangi utakayoiona ni ya mwendo wa polepole. Ukiona rangi ya kahawa yenye maziwa, uko sawa. Nyeusi, shuka namba moja. Nyeupe ni hatari: esanse ni kidogo mno, joto linapanda, pistoni inaweza kutoboka. Ukienda kuishi Kisangani au popote pa chini, rudisha jigleri ya zamani. Yangu naitunza kwenye kopo.

Kuna kosa ninalojutia hapa. Vijana wa mtaani walikuwa wanatoa boksi la filta na kufunga filta ya koni iliyo wazi, kwa sababu sauti inakuwa nzito. Nikafunga. Vumbi la Goma ni mawe ya volkano yaliyosagwa na matairi, ni msasa. Baada ya miezi mitatu piki ilikuwa inatoa moshi wa buluu, na zile ringi nilizokuwa nimenunua zilikuwa zimekwisha. Silinda ya baba, iliyodumu miaka yote ile, ilikuwa na mistari niliyoihisi kwa ukucha. Rudisha boksi lake. Weka sponji, ioshe kila wiki wakati wa kiangazi, ilowanishe mafuta ya injini kidogo na uikamue. Sauti nzuri haipandi mlima.

Umeme nauelezea kwa ufupi. Piki za CG za zamani zilikuwa na volti 6, na taa yake inaonyesha tope pale unapolifikia. Nilihamia volti 12 kwa vifaa vya injini ya Kichina: sumaku inayozunguka, koili zake, CDI (boksi la kuwasha cheche) na regileta inayodhibiti volti. Sumaku na koili ni mume na mke, zichukue kutoka injini moja, na hakikisha tundu la sumaku linakaa sawasawa kwenye ekseli ya injini yako kabla ya kukaza. Kama kuna kuchomelea kokote kwenye fremu, toa bateri, CDI na regileta kwanza. Fundi mmoja alinichomelea kishikio cha mzigo nikiwa nimekwenda kununua maji. Niliporudi regileta ilikuwa imekufa. Nilimwacha peke yake bila kumwambia, sasa simwachi mtu.

Utashawishiwa kuweka silinda kubwa zaidi, ya cc 150. Kwa injini kama yangu hilo linadai kupanua mdomo wa karteri (boksi la chini la injini), na mdomo ukishapanuliwa hakuna kurudi. Pesa hiyo iweke kwenye matairi.

Piki ikishasimama vizuri, itembeze kilomita 100 bila mzigo, kisha irudishe kwenye shitingi injini ikiwa imepoa usiku mzima. Kaza upya nati za kichwa cha silinda kwa mtindo wa msalaba, pima nafasi ya valvu, milimita 0.08, kisha pitia ekseli zote mbili, boliti za foku na za kalipa ya freni, ile inayobana disiki. Kwangu ya kalipa ilikuwa imelegea robo mzunguko.